Matundu ya Chupa

2 Septemba

Daktari anataka niandike kila siku nimekunywa maji kiasi gani. Hakusema kwamba haniamini, lakini mimi ni msoma mita za maji, mwaka wa kumi na tisa huu, na mtu asiyeniamini namjua kabla hajafungua mdomo. Daftari lenyewe kanipa yeye. Mtu mwenye imani na wewe hakupi daftari.

Haya, tuandike. Nina figo moja. Ya pili nilimpa mdogo wangu miaka kumi na moja iliyopita, wakati zake zote mbili zilipogoma na akawa anaishi kwa kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Tunakaa pamoja, mimi na yeye na cherehani yake. Hii iliyobaki kwangu imefanya kazi ya mbili bila kulalamika mpaka mwaka huu. Kipimo cha damu kimetoa namba 112, na kadiri namba inavyopanda ndivyo figo inavyochoka. Daktari anasema joto ndilo hilo limeingia, nashinda juani kwenye baiskeli, sinywi, nakauka kama uduvi. Ninywe lita tatu kwa siku. Ikifika Novemba namba imepita 130, baiskeli basi, na mbele yangu kuna mashine ileile aliyoiacha mdogo wangu.

Nikasema nitakunywa. Akauliza, "Na huko njiani utayapata wapi?"

Hapo alinibana. Wateja wangu wananiita mama mbele na mchawi nyuma. Nikikuta mtu kaichezea mita, nakata maji palepale, sina msalie mtume. Siwezi kurudi mlangoni kwake saa sita mchana nikamwomba gilasi. Atanipa, tena kwa mikono miwili, na mimi nitaikodolea macho ile gilasi mpaka jua lizame.

Kwa hiyo maji nibebe mwenyewe. Leo: lita moja na nusu, nyingi nimeyanywa jioni kwa woga.

3 Septemba

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Wote wanamwita Spoku kwa wembamba wake, na yeye ameridhika. Mimi ananiita Mama Mita.

"Unataka kibebeo cha chupa," akasema.

"Nataka tundu."

"Tundu?"

"Hili hapa. Kwani halifanani na tundu la ndege?"

"Sisi tunaita kibebeo, Mama Mita."

"Na mimi naliita tundu. Mbona umeelewa?"

Ana aina tatu: la waya, la plastiki na la alumini. Alinisifia la waya kabla sijauliza lolote. Bidhaa nzuri haihitaji wakili. Lakini baiskeli yangu ina sehemu moja tu ya kufungia, ile yenye skrubu mbili kwenye bomba la chini la fremu, na akaapa kwamba la waya ndilo linalokaa pale vizuri. Nimechukua.

Lita mbili kasoro robo.

5 Septemba

Chupa imeruka. Nilikuwa nashuka kwenye kokoto karibu na kiwanda cha matofali, nikasikia kitu kinagonga goti, na kabla sijafunga breki lori limekwisha kuikanyaga. Dereva alipiga honi kama mimi ndiye mwenye kosa. Nimeshinda na kiu mpaka saa tisa.

Lita moja. Najua, Daktari, najua.

6 Septemba

Spoku anasema waya haukukazwa. Aliukaza nani? Nimehamia la plastiki.

7 Septemba

Lita mbili na robo. Joto.

10 Septemba

La plastiki limepasuka lenyewe, limesimama ukutani, halijaguswa na mtu. Jua limelipasua. Mdogo wangu alicheka mpaka akaacha kushona. Anakula njugu za chumvi huku anacheka. Chumvi! Na figo yangu tumboni mwake! Kumpa mtu figo si kama kumpa gauni, ukiona analichafua ukamwambia lete. Nilitoka nikaenda kukaa uani.

12 Septemba

La alumini sasa. Linaishika chupa barabara, hata kuichomoa ni mieleka. Nimezunguka nalo kokoto zote na halikutikisika. Spoku aliniuliza kama nimeridhika na nikamwambia nitamjibu baada ya wiki.

Lakini tundu moja ni chupa moja, na chupa moja ni robo tatu ya lita. Kwa lita tatu nahitaji manne.

15 Septemba

Naandika nikiwa bado na hasira.

Jana nilimwachia Spoku baiskeli asubuhi na mapema, kibanda kikiwa bado kimefungwa, nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo yake na kumtumia ujumbe kwa simu. Niliandika hivi, neno kwa neno, ninao hapa: "Fundi, baiskeli iko nguzoni. Niongezee matundu mawili kwenye fremu, yawe imara. Jingine moja tutaongea."

Leo nimekwenda kuichukua. Spoku kasimama pembeni na kitambaa, anafuta fremu kama anaipeleka kwenye harusi.

"Tayari, Mama Mita. Kazi safi."

Nikatazama. Hakuna kitu. Nikazunguka upande wa pili. Hakuna kitu. Nikainama, na hapo ndipo nilipoyaona. Kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti, bomba zima la baiskeli yangu niliyoitunza miaka saba, ametoboa matundu mawili. Ameyapiga msasa na kuyapaka grisi yasishike kutu.

"Nini hiki?"

"Matundu mawili," akasema. "Si umesema yawe imara? Hayo hata maji hayaingii."

"Tundu, fundi! Tundu la chupa!"

"Hicho ni kibebeo."

"Sasa ulidhani mimi natoboa baiskeli yangu ili iweje?"

"Nilidhani kibebeo unacho nyumbani, unataka pa kufungia skrubu. Tena nimepima umbali wenyewe kabisa."

Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Mmoja akasema fundi hana kosa, tundu ni tundu. Mwingine akasema tundu hutegemea limo nini ndani. Wa tatu, mzee mwenye gurudumu mapajani, akauliza kwani mimi sikuwa na neno lingine. Mimi nilikuwa na maneno mengine mengi na niliyatumia.

Siamini kwamba hakuelewa. Tarehe tatu alielewa vizuri sana! Fremu yenye matundu hudhoofika, fremu dhaifu huvunjika, na fremu mpya anaziuza nani? Nilimwambia hivyo usoni. Akachukua tundu la alumini ukutani na kulifunga palepale alipotoboa, kwa skrubu alizozitafuta kwenye kopo. Halafu akafunga mengine mawili nyuma ya kiti kwa vibano. Manne yametimia. Nikaondoka bila kuaga, na nusu ya njia nilikuwa naisikiliza fremu.

Lita mbili na nusu.

16 Septemba

Fremu haijalia. Chupa nne, lita tatu kamili, mara ya kwanza. Nimesimama vichakani mara saba.

17 Septemba

Lita tatu.

18 Septemba

Lita tatu. Mdogo wangu amejipa kazi ya kunijazia chupa alfajiri. Anasema mimi nikijaza naacha nafasi juu. Sikumwomba.

22 Septemba

Lita tatu kwa hesabu ya chupa. Lakini chupa ya pili, ile inayokaa kwenye bomba alilotoboa Spoku, nilipoichomoa saa nne ilikuwa nyepesi. Sikuwa nimeigusa.

23 Septemba

Nyepesi tena.

24 Septemba

Nimechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, kama tunavyoweka alama kwenye tangi la mtu tunayemshuku. Asubuhi kabla ya kutoka maji yako kwenye mstari. Saa nne, vidole viwili chini ya mstari. Saa sita, vinne. Na mfuniko umekazwa.

Maji hayana miguu.

25 Septemba

Nimebadilisha chupa. Ya kwanza nimeiweka kwenye nafasi ya pili. Siku nzima salama. Huenda nilikosea jana.

27 Septemba

Sikukosea. Leo na ile nayo imepungua. Na ile iliyoanza kupungua, niliyoihamishia nyuma ya kiti, imepungua pia. Sasa ni mbili.

Nani anazishika chupa zangu kabla sijatoka? Mtu mmoja tu, na mimi mstari huutazama gizani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu zinashonwa na yeye. Jioni nilimwuliza taratibu kabisa.

"Hizi chupa unazijaza mpaka wapi?"

"Mpaka juu, dada."

"Juu wapi?"

Mguu ukasimama kwenye cherehani. "Unauliza nini hasa?"

"Nauliza kama unajaza, au unajaza nusu halafu unaiinamisha chupa ili kwa mbali nione maji yamefika kwenye mstari. Sijui una haraka gani asubuhi."

Alikata uzi, akakunja kitambaa, akaingia chumbani kwake. Hata mlango hakuubamiza, angeubamiza ningepata la kusema.

28 Septemba

Nimezikuta chupa mezani tupu, zimepinduliwa. Nimejaza mwenyewe. Bado zimepungua. Kwa hiyo siyo yeye, au siyo yeye peke yake.

Sijamwambia.

1 Oktoba

Lita tatu, nasema mimi. Mdomo mkavu, sijui kwa nini. Nyumbani tunasemezana mambo ya chumvi na taa tu: izime, ilete.

7 Oktoba

127.

Daktari aliisoma mara mbili. Akauliza, "Lita tatu unakunywa kweli?" Nikamwonyesha daftari. Akalipekua kurasa moja moja kwa kidole, kama mimi ninavyozikagua fomu za mwenzangu ofisini. Ile aibu sitaisahau. Alisema daftari linasema hivi na damu inasema vile, na yeye husikiliza damu.

Nilipofika nyumbani nilimtajia mdogo wangu namba, kwa sababu yeye katika dunia hii ndiye anayezielewa namba hizi. Aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu akarudi kushona.

Naogopa. Naliandika hapa mara moja na sirudii. Naogopa ile mashine. Nilikuwa nampeleka, nilikuwa nakaa naye saa nne nzima, naijua mpaka sauti yake.

8 Oktoba

Leo nimefanya jambo.

Kila asubuhi tunakusanyika ofisini dakika ishirini, Msimamizi anagawa mitaa, na baiskeli tunaziegemeza ukutani nje. Kuna mwenzetu mmoja huchelewa kuingia kila siku. Tunamwita Sifuri, kwa sababu akikuta geti limefungwa haandiki "sikuingia", anaandika matumizi ni sifuri. Mtu wa kuandika sifuri mahali palipo na maji atashindwaje kufanya maji yawe sifuri?

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kuna mtu anakunywa maji yangu, na nikamtazama.

"Mimi?" akasema Sifuri. "Mama, hii ni ofisi ya maji. Bomba lile pale. Niibe ya kwako yana nini?"

Walicheka mpaka Msimamizi akaweka faili usoni. Nikasema vya bure ndivyo vinavyoibwa zaidi. Nikasema mengine. Nikasema habari za geti na fomu zake, na kwamba kwa miaka tumekuwa tukizifunika kwa kuwa ana mke mgonjwa. Hapo kicheko kikakatika. Sifuri alichukua mkoba wake na kutoka. Msimamizi akasema, "Mama, hilo la mwisho halikuwa la maji."

Halikuwa.

9 Oktoba

Nimechukua pakiti ya sili stoo, nne kwa kila siku. Ni ule waya mwembamba wenye risasi ya kubana, tunaofungia mita ili ajulikane aliyeifungua. Nimefunga chupa zote nne shingoni, mfuniko na kila kitu, nikabana kwa koleo. Sasa aje.

10 Oktoba

Sili nzima. Maji pungufu chupa tatu.

11 Oktoba

Sili nzima. Pungufu zote nne.

12 Oktoba

Jumapili. Chupa zimeshinda mezani, zimejaa, na hazikupungua hata tone. Nimekaa nazitazama kutwa. Mdogo wangu alipita mara mbili akanitazama mimi ninavyozitazama.

14 Oktoba

Siku kumi na tisa kwa mwezi huwa namwambia mteja maneno haya, nayatamka usingizini: "Mzee, sili ni nzima na maji yamepotea, maana yake kuna tundu mahali. Usimtafute mwizi, tafuta tundu." Mteja hutaja jirani, shemeji, mpangaji. Nami huwa nawadharau watu hao moyoni.

Leo saa tano, barabara ya kokoto, niliichomoa chupa ya pili nikaiminya tu kwa hasira, bila kuifungua. Kijimkondo chembamba kama uzi kikanipiga kidevuni.

Nilikaa chini palepale. Karibu na kitako cha chupa pana kitundu, hata sindano ya mdogo wangu haiingii. Ikisimama tulivu haitoi kitu, ndiyo maana mezani ilinidanganya. Ikitikiswa na kubanwa ndipo inapotema, na upepo na jua vinakausha kabla sijaona. Nikatazama ndani ya tundu la alumini. Kichwa cha skrubu cha Spoku, zile skrubu za kwenye kopo, kimejitokeza, na kila kokoto ninalopita kinaikuna chupa palepale. Na mimi kwa akili zangu nikawa nazibadilisha nafasi, chupa hii pale, ile hapa, mpaka nikaitia kila moja ugonjwa kwa zamu.

Kwa hiyo lita tatu za daftari hili zilikuwa mbili, pengine na pungufu. Barabara imekunywa kunishinda.

Nimepita kwa Spoku. Nilitamani sana awe amekusudia. Alipokiona kile kichwa cha skrubu alikaa kwenye tairi akashika paji. "Siku ile ulinipigia kelele, Mama Mita," akasema. "Nikafunga nilichokishika ili uondoke." Tulichagua pamoja, tukatumia saa nzima: skrubu za kichwa bapa, raba nyembamba nyuma, matundu ya alumini yaleyale. Chupa mpya nne. Alizipima moja moja kwa kuminya, mbele yangu, bila kuambiwa.

15 Oktoba

Nimemwomba Sifuri radhi mbele ya watu walewale. Nilijiandalia maneno mazuri usiku na asubuhi yote yakanikimbia. Nikasema, "Chupa ilikuwa na tundu." Sifuri akasema, "Na la mke wangu je, lilikuwa tundu gani?" Nikasema hilo lilikuwa langu. Akasema, "Haya."

Lita tatu. Za kweli.

16 Oktoba

Mdogo wangu bado. Kwake maneno hayakuja hata ya kunikimbia. Jana usiku nilimwekea ile chupa mbovu juu ya cherehani na kuiminya, maji yakachuruzika kwenye kitambaa cha mteja. Akapangusa. "Nimeona," akasema. Basi.

Asubuhi chupa zilikuwa zimejazwa.

17 Oktoba

Lita tatu. Na nimemwona mdogo wangu kwenye geti la hospitali saa tano asubuhi.

Kliniki yake ni Jumanne, mara moja kila miezi mitatu, na alikwenda Agosti. Leo ni Ijumaa. Alikuwa na lile gauni la bluu ambalo halivai kwenda sokoni. Jioni nilimwuliza siku yake ilikwendaje. Akasema alishinda ndani, anapindia mapazia.

20 Oktoba

Lita tatu. Anaumwa na ananificha. Zile njugu! Au dawa kaacha kumeza. Nimehesabu vidonge kwenye chupa yake, ni sawasawa. Anaweza kuvitupa mtu.

24 Oktoba

Ijumaa tena. Gauni la bluu halipo kwenye msumari.

27 Oktoba

Nimefungua mkoba wake akiwa anaoga. Naandika bila haya, nimeshafungua mengi. Kadi yake ya kliniki: namba 86. Nzuri kuliko yangu, nzuri kuliko ya watu wenye figo mbili. Haumwi. Lakini chini kuna mihuri mitatu ya Oktoba, ya madaktari watatu tofauti, na mbele ya kila mmoja pameandikwa neno moja: ushauri.

Nikaelewa, au nikadhani. Anakwenda kunisemea. Anataka nishushwe kwenye baiskeli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye ndiye kata yangu, anajua ninapumzika wapi na nakohoa saa ngapi. Baiskeli hii ndiyo mguu wangu. Kwenye kazi ya mezani ofisini nitakufa mapema kuliko barabarani.

Sijasema kitu. Safari hii nangoja ushahidi.

30 Oktoba

Lita tatu. Joto limezidi, lami inanata kwenye tairi. Ushahidi sina.

4 Novemba

116. Daktari alitabasamu. Akasema nikiendelea hivi baiskeli ni yangu, ila joto la mwezi huu si la mchezo, uamuzi uwe wa kwangu. Nilimwuliza, kama mtu asiye na haja, kama mdogo wangu huja kumwona. Akashika kalamu. "Muulize mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

5 Novemba

Nimemwuliza. Alikuwa anashona vifungo kwa mkono. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"116," nikasema. "Sasa niambie ulikwenda kusema nini hospitali. Usiniambie mapazia."

Akaendelea na kifungo. "Namba imeshuka?"

"Imeshuka. Umejibu?"

"Basi hakuna haja tena."

"Haja ya nini? Mara tatu! Madaktari watatu! Uliwaambia wanishushe kwenye baiskeli?"

Akaniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Baiskeli? Nilikwenda kuuliza kama inarudishika."

"Nini inarudishika?"

"Figo, dada."

Sikuelewa. Akaweka sindano mdomoni, akaitoa.

"Ulikuja na ile 127. Nikaona yako inakufa, na hii kwangu inafanya kazi vizuri, namba 86, inakaa tu hapa. Nikawauliza kama wanaweza kuitoa wakurudishie. Wa kwanza akasema haiwezekani. Nikaona labda hataki kazi. Nikaenda kwa wa pili. Halafu kwa huyu wako."

"Wakasemaje?"

"Wote walisema haiwezekani. Wako alilia. Sijui kilimliza nini."

"Wewe! Na wewe ungeishi na nini?"

"Na mashine," akasema. "Nilishaizoea."

Ilikuwa Oktoba, wakati ule tulikuwa hatusemezani. Nilikuwa nimemwita mwizi wa maji, na asubuhi alivaa gauni la bluu akaenda kuomba akatwe tumbo kwa ajili yangu, halafu akarudi akapindia mapazia.

Nilimwita mjinga. Nilimwita mengine ambayo mama yetu angenifinya kwayo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungesema hapana." Nikapiga kelele kwamba ndiyo, ningesema hapana! "Ndiyo maana," akasema, na akatafuta kifungo kingine kwenye kopo. Hapo nililia, nikalia vibaya, nimeushika ule mguu wake wa kuendeshea cherehani kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nilimwomba radhi ya chupa. Akasema ile ilikwisha siku nyingi.

7 Novemba

Nimekwenda kwa Msimamizi mwenyewe, sikutumwa na mtu, nikamwomba kazi ya mezani mpaka joto liishe. Alinitazama kwa mashaka akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, damu ni nzuri, na ni kweli. Mitaa yangu amepewa Sifuri. Nimemwonyesha ni mbwa gani wanauma na mita zipi zimefichwa nyuma ya matangi.

Barabarani ningeweza. 116 inaniruhusu. Ila nyumbani kwangu kuna mtu ambaye mimi nikianguka, atavaa gauni la bluu aende kumtafuta daktari wa nne.

Lita tatu. Nimezinywa nimekaa.